Miguu Iliyokwisha Oshwa Nyumbani

Jioni ya Alhamisi Kuu, katika parokia nyingi, watu kumi na wawili huketi mbele ya altare wakiwa wamevua kiatu kimoja kimoja. Mguu unaotolewa ni wa kulia. Umesuguliwa kwa jiwe nyumbani, umepakwa mafuta, na soksi yake imetoka dukani juzi. Mtumikiaji mmoja ameshika beseni, wa pili ana jagi, wa tatu ana taulo. Paroko anainama, maji ya nusu kikombe yanateleza juu ya vidole, taulo inagusa kidogo, anasogea kwa mwingine. Kwaya haijafika ubeti wa tatu, na kazi imekwisha.

Kwa kanuni za liturujia hakuna lililokosewa. Misale, kitabu cha ibada ya Misa, inataka padri amwagie maji miguu ya waliochaguliwa na kuikausha, akisaidiwa na wahudumu, na hayo yametimizwa. Kilichokosekana ni uchafu. Mguu usio na vumbi hauna haja ya maji, na kuosha kisichohitaji kuoshwa ni maigizo, hata kama mwigizaji ana nia njema. Ugonjwa wa unyenyekevu wa Kikristo kwetu uko hapo hapo: ishara tumeitunza, kazi tumeitoa ndani yake, tena tumeitoa kwa heshima kubwa.

Sura ya 13 ya Yohana, ambayo desturi hii imetoka humo, imejaa kazi za mikono. Yesu anaondoka chakulani, anaweka kando mavazi, anatwaa kitambaa, anajifunga kiunoni, anatia maji katika bakuli, anatawadha, anafuta. Vitenzi saba, na hakuna hata kimoja alichofanyiwa na mtu. Hapakuwa na wa kumshikia bakuli. Pale ambapo Mathayo, Marko na Luka wanasimulia mkate na kikombe, Yohana haelezi mkate wala kikombe. Anaweka bakuli la maji machafu.

Tena walikuwa wamekwisha anza kula. Hilo si jambo dogo. Kwa desturi ya nchi ile, ambako watu walitembea na makubazi njiani, maji ya miguu yalitolewa mgeni alipoingia, kabla ya chakula. Ibrahimu aliwaambia wageni wake waletewe maji kidogo wanawe (Mwanzo 18:4), maana yake kila mtu alijiosha. Kumwosha mwingine ilikuwa kazi ya chini kabisa. Mapokeo ya marabi yanasema hata mtumwa wa Kiebrania asilazimishwe kumwosha bwana wake miguu. Abigaili alipotaka kujishusha mbele ya wajumbe wa Daudi, alijiita mjakazi wa kuwaosha miguu watumishi wa bwana wake (1 Samweli 25:41). Chini ya hapo hakukuwa na ngazi nyingine. Basi ikiwa chakula kimeanza na miguu bado ina vumbi, maji hayakupungua. Kilichokosekana ni mtu wa kuinuka, kwa kuwa aliyeinuka kwanza angekuwa amekubali nafasi yake. Luka anatuambia walikuwa wakishindana nini jioni ile ile: nani kati yao ahesabiwe kuwa mkubwa (22:24).

Biblia ya Muungano inasema kutawadha, na neno hilo lina manufaa yake. Watu wa pwani wanalijua kutoka kwa jirani anayejiandaa kuswali. Mtazame akitawadha: miguu ndiyo ya mwisho, yote miwili, mpaka vifundoni, na vidole vinapitiwa katikati. Parokia nzima ingeweza kujifunza kwake namna ya kuosha mguu.

Neno jingine limepata ajali mbaya zaidi. Mtumishi, kwa asili, ni mtu anayetumwa. Leo ni cheo. Kwenye mikutano na makongamano, anayeitwa "mtumishi" ndiye asiyebeba Biblia yake mwenyewe. Ana kijana wa kumbebea. Kiti chake kina mto, maji yake yana kitambaa juu ya glasi, chakula chake hutengwa chumba cha pembeni, naye akichelewa saa nzima husemwa kwamba alikuwa rohoni. Anayewasugulia wengine sufuria nyuma ya jengo hafikiriwi kuitwa mtumishi. Anaitwa mama jikoni. Neno huduma nalo limegeuka kuwa mali: "huduma yangu", anasema mwenye nayo, kama mtu anavyosema duka langu.

Wapo wanaojitetea kwa Matendo 6, pale mitume waliposema haifai waliache neno la Mungu wakahudumu mezani. Wasome mbele kidogo. Manung'uniko yalikuwa ya kweli: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Dawa iliyotolewa ilikuwa watu saba wenye sifa nzuri, na majina yao yote ni ya Kiyunani, yaani kazi ilikabidhiwa upande uliokuwa unanyimwa. Kisha wawili kati ya hao wa mezani, Stefano na Filipo, wanaonekana mara wakihubiri. Ukuta wa kutenganisha mhubiri na sahani haumo katika sura ile.

Paulo alikwenda mbali zaidi ya mtumishi. Katika Wafilipi 2:7 anasema Kristo alitwaa "namna ya mtumwa". Kwa msomaji wa Kiswahili mstari huo una uzito wake wa pekee. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga Kanisa Kuu la Kristo pale pale Mkunazini lilipokuwa. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwamo watu waliokombolewa kutoka majahazini. Kwao mtumwa haikuwa sitiari ya mahubiri. Sisi tunasema heshima si utumwa, na tunasema kweli. Ndiyo maana inashangaza kwamba imani hii imeweka sifa ya juu kabisa ya Bwana wake katika neno ambalo pwani yote ililichukia.

Hapa panahitaji tahadhari ambayo wahubiri huiruka. Mahubiri ya unyenyekevu kwa kawaida huelekezwa chini: kwa wake, kwa vijana, kwa dada wa kazi, kwa mwajiriwa ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili. Yohana 13 haielekei huko. Aliyeshuka ni yule mwenye jina la Bwana na Mwalimu, na agizo linalofuata ni "kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi". Kitenzi kina -na- ndani yake. Ni cha kupokezana. Mtu aliye chini tayari, ukimwambia ashuke tena, hujamfundisha Injili. Umemwongezea zamu.

Na kupokezana kuna upande wa pili ulio mgumu zaidi kwa wakubwa, nao ni kukubali kuoshwa. Petro alikataa katakata, akajibiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika. Padri anayeosha kumi na wawili kila mwaka na hajawahi kutoa mguu wake mwenyewe anajua nusu ya somo. Vivyo hivyo mzee wa kanisa anayepeleka sembe kwa wagonjwa wa mtaa mzima, lakini siku akilazwa yeye anaagiza watu wasije, wasimwone amevaa nguo za wodini.

Makanisa yaliyoshika ule upokezanaji yapo kwetu, wala si madogo. Waadventista Wasabato, walioanza Pare mwaka 1903 na Gendia mwaka 1906, hufanya huduma ya unyenyekevu, yaani kuoshana miguu, kabla ya Meza ya Bwana, kwa kawaida mara moja kila robo mwaka. Wamennonite, waliofika Shirati mwaka 1934, wana desturi hiyo tangu kwa mababa zao wa Ulaya; Ungamo la Dordrecht la 1632 limeiwekea kifungu kizima. Kwa Wasabato mashemasi huandaa mabeseni, maji na taulo. Wanaume huenda upande wao na wanawake wao. Wawili wawili, mmoja anaosha kisha anaoshwa, wanaombeana, wanarudi kuketi. Hakuna mtazamaji. Naona namna hii iko karibu na maandiko kuliko ile ya watu kumi na wawili mbele ya umati.

Ina ubovu wake, lakini. Watu huchagua rafiki. Wawili waliogombana kuhusu mpaka wa shamba hutafuta pembe tofauti za chumba, kila mmoja anaosha miguu ya mtu asiye na neno naye, na wote wawili wanatoka wametimiza. Wengine huisikia Sabato hiyo ikitangazwa wakapata safari ya ghafla. Dawa moja ni kuacha kuchaguana: mtu aoshe aliyeketi kushoto kwake, basi. Dawa ya pili ni kutangaza wiki mbili kabla, ili wenye neno walimalize nyumbani. Beseni halipatanishi watu ambao hawajasemezana.

Wabenedikto walipata ufumbuzi mwingine karne ya 6, na mimi ndio naupenda kuliko yote. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo watawa wa Peramiho, Ndanda na Hanga wanaishi chini yake hadi leo, inaweka uoshaji wa miguu katika sura ya 35, sura inayohusu zamu za jikoni. Anayemaliza zamu yake ya wiki, siku ya Jumamosi, afanye usafi na afue taulo ambazo ndugu walifutia mikono na miguu. Kisha yeye na anayemrithi wawaoshe wote miguu. Vyombo avirudishe kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Sura ya 53 inaongeza miguu ya wageni, na hapo abati mwenyewe anaingia. Ona ustadi wake: kuosha miguu kumefungwa pamoja na kufua taulo na kuhesabu sahani, kunarudi kila wiki, na hakuna anayejipangia siku ya kuwa mnyenyekevu. Aliyesamehewa jikoni ni mgonjwa au mwenye shughuli nzito ya nyumba.

Kinyume chake kiko Uingereza. Wafalme wa huko walikuwa wakiwaosha maskini miguu siku ya Alhamisi Kuu. Uoshaji ulikoma karne nyingi zilizopita. Siku hizi mfalme hugawa sarafu maalumu kwa wazee wanaume na wanawake, idadi ya kila upande ikilingana na miaka ya umri wake. Sherehe ni nzuri, ila haina maji.

Kwa Wakatoliki, mlango ulifunguliwa na Papa Fransisko. Tarehe 28 Machi 2013, wiki mbili baada ya kuchaguliwa, alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akaosha miguu ya kumi na wawili, wasichana wawili na Waislamu wakiwamo. Amri iliyotolewa Januari 2016 ikabadilisha Misale: badala ya wanaume waliochaguliwa, sasa ni watu kutoka taifa lote la Mungu, wake kwa waume, vijana na wazee, wazima na wagonjwa. Mwaka 2024, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliosha miguu ya wanawake kumi na wawili katika gereza la Rebibbia. Kwa kuwa hakuweza kupiga magoti, walioshwa ndio waliopandishwa juu ya jukwaa.

Miaka imepita tangu ile amri, na bado orodha ya kumi na wawili katika parokia zetu hufanana na orodha ya halmashauri ya walei. Wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, katekista, mfadhili wa bati za paa, mwakilishi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Kuoshwa kumekuwa tuzo. Rubrika, yaani maelekezo ya ibada ndani ya Misale, haitaji namba kumi na mbili mahali popote. Ni desturi tu. Kwa hiyo paroko anayehofia muda apunguze watu, asipunguze maji. Sita walioshwa vizuri wanatosha.

Kuosha vizuri kuna vipimo. Miguu miwili, mpaka vifundoni, inataka lita moja na nusu ya maji hivi. Kwa watu kumi na wawili ni ndoo moja ya lita 20, si jagi la lita moja lililowekwa ua. Maji yawe ya vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko, kwa sababu katika kundi lolote la wazee kuna mwenye kisukari ambaye miguu yake haihisi joto, naye anaweza kuungua huku akitabasamu. Mabeseni mawili yapokezane ili moja likimwagwa jingine litumike. Taulo moja kwa kila mtu. Taulo moja kwa kumi na wawili husambaza fangasi za katikati ya vidole, na hapo huduma inakuwa imegeuka. Katikati ya vidole pakaushwe kabisa, na kwa mwenye kisukari pasipakwe mafuta. Anayeosha apige goti juu ya mkeka, ashike kisigino kwa mkono wa kushoto, aoshe kwa wa kulia, na taulo aishike mwenyewe. Kazi hii huchukua dakika mbili kwa mtu. Kwaya ijiandae. Na wanaochaguliwa waambiwe jambo moja tu: wasijioshe miguu kabla ya kuja. Watacheka wakidhani ni utani.

Lakini kuna miguu ambayo haihitaji kuambiwa hivyo. Iko Murang'a na Kilifi nchini Kenya, iko Busoga nchini Uganda, na iko vijiji vingi vya Tanzania ambako nyumba ina sakafu ya vumbi. Ni miguu yenye funza. Kiroboto huyu si mwenyeji. Aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa amevuka bara mpaka pwani yetu. Jike, mdogo kuliko milimita moja, huzama kwenye ngozi ya vidole au kisigino, huvimba mpaka ukubwa wa punje ya njegere, hutoa mayai kwa wiki mbili tatu kupitia tundu dogo aliloliacha wazi, kisha hufia humo humo. Mtoto mwenye funza hamsini hatembei kwa unyayo. Anatembea kwa kingo za mguu. Shuleni wanamcheka, nyumbani wanasema ni laana au uvivu, kanisani haonekani kwa sababu hana viatu vya kuficha.

Huku ndiko beseni lina kazi. Mguu mmoja mmoja unaoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, beseni lake na taulo yake, mwoshaji akivaa glavu. Njia iliyozoeleka ni kuloweka dakika 10 hadi 15 katika pamanganeti ya potasiamu ya asilimia 0.05, yaani nusu gramu kwa lita ya maji, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya; chembe zisipoyeyuka zote huunguza ngozi. Palipo na mafuta ya dimetikoni ni bora zaidi: matone machache juu ya kila funza huziba tundu analopumulia, akafa bila kuchokolewa, na majaribio yaliyofanywa Kenya yameonyesha yanashinda pamanganeti. Pini na miiba viwekwe mbali. Pini moja inayozunguka familia nzima hubeba pepopunda, homa ya ini na VVU. Mwenye vidonda virefu aende zahanati, achomwe pia chanjo ya pepopunda. Nusu saa kwa mtu mmoja si nyingi.

Kosa la vikundi vingi vya kanisa ni kuishia hapo, pamoja na picha. Mguu ukioshwa na sakafu ikaachwa, funza hurudi, kwa kuwa mayai yameanguka kwenye vumbi la chumba kile kile, na baada ya wiki tatu nne yamekuwa viroboto kamili. Mbwa na nguruwe wanaolala mlangoni nao wanafuga kizazi kipya. Sakafu inyunyiziwe maji na kukandikwa upya, ipigwe dawa, au imwagwe zege. Chumba cha mita 3 kwa 3, kwa unene wa sentimita 5, hula mifuko kama mitatu ya saruji ya kilo 50. Parokia inayomudu maua ya altare ya Pasaka haishindwi na mifuko mitatu. Kuhusu picha, mguu wa mtoto wenye funza ni siri ya familia. Simu zibaki mfukoni, na kazi ifanyikie uani kwao, si mbele ya altare.

Baada ya siku saba mguu hutazamwa upya: funza walio hai wawekewe dawa tena, vidonda visafishwe, viatu vikaguliwe kama vimevaliwa au vimeuzwa. Anayeanza kuosha Alhamisi Kuu, siku saba zake zinamfikisha Alhamisi inayofuata, ile ya Oktava ya Pasaka. Siku hiyo kwaya imepumzika, watumikiaji wamerudi shuleni au shambani, na ratiba ya parokia, kuanzia saa tisa alasiri, iko wazi.